Wasomi wa Kiafrika na Uongozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1961–1991: Kutoka Mtaa wa Lumumba hadi Bagamoyo

Utangulizi

Historia ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kama historia ya majengo, sheria na idadi ya wahitimu. Viongozi huorodheshwa kwa mfuatano wa miaka yao ya utumishi, picha zao hutundikwa katika kumbi za mikutano, kisha msomaji huachwa akisie mwenyewe kilichomtofautisha mmoja na mwingine. Makala haya yanachukua njia nyingine. Yanauliza swali ambalo wakuu wa vyuo wenyewe walilazimika kulijibu kwa vitendo: msomi wa Kiafrika aliyekabidhiwa chuo kikuu baada ya uhuru alipata wapi mamlaka yake, na alitarajiwa kumtumikia nani?

Mijadala mingi kuhusu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huishia katika mvutano wa pande mbili, yaani dola iliyokuwa ikiteua na wanataaluma waliokuwa wakidai uhuru wao. Mvutano huo ulikuwapo, na sehemu kubwa ya makala haya inauhusu. Hata hivyo, kulikuwa na chimbuko jingine la mamlaka ambalo halijapewa uzito unaostahili, nalo ni kazi iliyofanywa na baadhi ya wanataaluma nje ya chuo, kwa Kiswahili, pamoja na wananchi wa kawaida. Mfano ulio wazi zaidi unapatikana Bagamoyo na katika vijiji vya wilaya hiyo. Mipaka ya uchunguzi ni mwaka 1961, chuo kilipofunguliwa, na mwaka 1991, uongozi mpya ulipoingia baada ya mgogoro wa kufungwa kwa chuo.

Chuo ndani ya jengo la chama

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilizinduliwa tarehe 25 Oktoba 1961, majuma sita na ushei kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, ambacho ndicho kilichotoa shahada. Hakikuwa na majengo yake. Kilianzia katika jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba, kikiwa na Kitivo kimoja tu cha Sheria na wanafunzi ambao hawakutimia ishirini. Uchaguzi wa sheria haukuwa wa kubahatisha. Makerere tayari ilikuwa na udaktari na kilimo, na Nairobi ilikuwa na uhandisi, ilhali eneo zima lilikuwa na wanasheria Waafrika wachache mno, na dola mpya isingeweza kuendesha mahakama zake kwa wageni watupu.

Jambo la jengo hilo limetajwa katika karibu kila andiko kuhusu chuo, lakini aghalabu hutajwa kama kisa cha kuchangamsha utangulizi. Lina maana kubwa zaidi ya hiyo. Chuo kilizaliwa kikiwa mgeni wa chama. Katika desturi za pwani na bara vilevile, mgeni hukirimiwa, lakini pia huhesabiwa siku na hutazamiwa kushika jembe. Chuo kilipohamia kilima kilichojulikana kama Observation Hill mwaka 1964, umbali wa takriban kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, kiliondoka katika nyumba ya mwenyeji wake bila kuondoka katika deni lake. Jina la Mlimani lilipozoeleka, lilibeba shutuma ndani yake: walio juu wanawatazama walio chini.

Mkuu wa kwanza wa chuo hicho kishiriki alikuwa Cranford Pratt kutoka Kanada, aliyeongoza hadi mwaka 1965. Alikuwa mwanasayansi wa siasa, na baadaye aliandika kitabu muhimu kuhusu siasa za Tanzania kati ya 1945 na 1968. Kwa kuwa alikuwa mgeni na kwa kuwa alikuwa karibu na Mwalimu Nyerere, swali la utii wake halikuibuka kwa ukali. Lilimsubiri Mwafrika.

Chagula na mtihani wa mwaka 1966

Wilbert Chagula alikuwa daktari aliyebobea katika anatomia. Alisoma na kufundisha Makerere, akasoma pia Cambridge, na mwaka 1965 akawa Mtanzania wa kwanza kukiongoza chuo cha Dar es Salaam. Makerere ilikuwa imeshampata Yusuf Lule mwaka uliotangulia. Nairobi ilikuwa na mkuu kutoka Sierra Leone, Arthur Porter, hadi mwaka 1970. Vyuo hivyo vitatu vilikuwa ndugu ndani ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1963 Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo, yaani mkuu wa heshima, na utendaji wa juu ukiwa mikononi mwa Bernard de Bunsen.

Katika vipimo vya kawaida vya ujenzi wa taasisi, kipindi cha Chagula kina mengi ya kuonyesha. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam iligeuzwa kuwa Kitivo mwaka 1968. Kitivo cha Kilimo kilianzishwa Morogoro mwaka 1969. Na sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa mwaka 1967, hatua ambayo wakati huo ilionekana ndogo na ambayo makala haya yatairudia. Hata hivyo, kipindi chake kinakumbukwa zaidi kwa siku moja.

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Mlimani pamoja na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walipinga muda wa utumishi, na zaidi walipinga kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika muda huo. Bango mojawapo lilidai kwamba wakati wa mkoloni ulikuwa nafuu. Nyerere aliwapokea, akasikiliza tamko lao, kisha akatangaza mambo mawili yaliyofuatana: mshahara wake mwenyewe ungepunguzwa kwa asilimia 20, na waandamanaji wangerudishwa makwao. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa, wengi wao wa Mlimani. Wengi waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata.

Kwa mtafiti wa uongozi wa vyuo, tukio hili lina jambo ambalo hufunikwa na ukali wa adhabu. Uamuzi haukutolewa na Seneti wala na Baraza la Chuo. Ulitolewa katika viwanja vya Ikulu, papo hapo, na mtu ambaye kwa kofia moja alikuwa Rais wa nchi na kwa nyingine alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mkuu mtendaji wa chuo, msomi mwenye sifa zote zilizotakiwa na London, alibaki na kazi ya kuendesha kumbi zilizobaki nusu tupu. Si haki kumlaumu Chagula kwa hilo, wala si sahihi kumsifu kwa ukimya wake. Kinachoonekana ni kwamba uafrikanishaji wa cheo haukuwa umehamisha mamlaka ya cheo. Kabla ya uhuru mamlaka hayo yalikuwa London. Baada ya uhuru yalivuka bahari na kushukia Magogoni bila kupita Mlimani.

Nyerere alikuwa na hoja yake, na haikuwa nyepesi. Alizoea kumfananisha msomi na mtu ambaye wanakijiji wenye njaa wamempa chakula chote walichonacho ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Mtu huyo akila akatokomea, ni msaliti. Mfano huo ulikuwa na nguvu kwa sababu hesabu zake zilikuwa za kweli: gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja wa chuo ilikuwa mzigo mkubwa kwa mkulima mlipa kodi. Udhaifu wake uko kwingine. Katika mfano huo, kijiji ndicho kinachojua njia, na msafiri kazi yake ni kutembea tu. Haumwachii msafiri nafasi ya kurudi na kusema kwamba njia aliyoelekezwa haifiki.

Mwezi Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, ulifanyika mkutano chuoni kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Mitaala ndiyo iliyobishaniwa, lakini chini ya mitaala kulikuwa na suala la nani ana haki ya kuipanga. Hapo ndipo mbegu ya kozi ya Taaluma za Maendeleo, iliyokuja kuwa ya lazima kwa wanafunzi wote, ilipopandwa.

Mwaka 1970 na watu watatu kutoka serikalini

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa katikati ya mwaka 1970, na kila nchi ikabaki na chake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza rasmi tarehe 1 Julai 1970. Chagula aliingia katika Baraza la Mawaziri. Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza akawa Pius Msekwa, mzaliwa wa Ukerewe, mhitimu wa Makerere, aliyekuwa Katibu wa Bunge na kisha Katibu Mtendaji wa TANU. Alikuwa na umri wa miaka 35 na hakuwa ametokea katika safu za wanataaluma.

Uteuzi huo umeelezwa mara nyingi kama kielelezo cha chama kuteka chuo. Maelezo hayo yana ukweli, ila yanakuwa finyu yanapotazamwa Dar es Salaam peke yake. Nairobi ilipata Makamu Mkuu wake wa kwanza, Josphat Karanja, kutoka ubalozi wa Kenya jijini London, ingawa yeye alikuwa na shahada ya uzamivu ya historia. Makerere ilipata Frank Kalimuzo kutoka nafasi ya Katibu wa Baraza la Mawaziri la Uganda. Nchi tatu zenye itikadi tatu tofauti, mwaka uleule, zilichukua watumishi wa dola na kuwakabidhi vyuo vikuu. Ujamaa peke yake, basi, hauwezi kuwa sababu. Sababu iliyo karibu zaidi na ushahidi ni kwamba viongozi wa kizazi cha uhuru waliviona vyuo kuwa idara nyeti za serikali, na idara nyeti hukabidhiwa mtu anayeaminika. Kuaminika huko kuligeuka kuwa hatari pale dola yenyewe ilipobadilika: mwaka 1972 Kalimuzo alichukuliwa na watu wa Idi Amin na hakuonekana tena.

Msekwa hakukaa muda mrefu kabla ya kujaribiwa. Novemba 1970 jarida la wanafunzi la Cheche, ambamo Issa Shivji alichapisha uchambuzi wake wa matabaka nchini, lilipigwa marufuku. Marufuku hiyo ilikuwa ya ajabu kidogo, kwani waandishi wake walikuwa wakiukosoa utawala kwa kutokuwa wa kijamaa vya kutosha. Julai 1971 ukafuata mgogoro wa Akivaga. Symonds Akivaga, Mkenya na rais wa serikali ya wanafunzi, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo akilalamikia ubabe wa utawala. Askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia walimkamata chuoni, naye akarejeshwa Kenya. Wanafunzi waligoma, na safari hii baadhi ya walimu walisimama upande wao. Tofauti na mwaka 1966 ni kubwa. Mwaka 1966 wanafunzi walidai maslahi yao na wakakosa huruma ya jamii. Mwaka 1971 walidai namna ya kuongozwa, na hoja yao ilitumia msamiati uleule wa chama, hasa Mwongozo wa TANU wa mwaka huo uliokataza viongozi kuwa na majivuno na udikteta.

Waliongoza bila kiti cha juu

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya chama tu. Chini ya Makamu Mkuu kulikuwa na Afisa Mkuu wa Taaluma, na cheo hicho kilishikwa katika miaka hiyo na Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Upare na kuyageuza kuwa historia ya kisiasa ya watu wao, iliyochapishwa mwaka 1969. Mwaka huohuo yeye na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichotumika kwa muda mrefu shuleni na vyuoni. Kwa hiyo mlangoni alikaa mwanasiasa, na ndani, mahali ambapo ajira, mitihani na mitaala viliamuliwa, alikaa mtafiti. Mpangilio huo wa vichwa viwili haukuandikwa popote kama sera, lakini unaeleza kwa nini chuo kilichodhaniwa kutekwa kiliendelea kuzalisha maandiko yaliyosomwa dunia nzima.

Idara ya Historia iliyoanzishwa chini ya Terence Ranger ndiyo iliyofanya kazi ya kwanza ya kuthibitisha kwamba mamlaka ya kitaaluma yangeweza kujengwa hapa nchini. Utafiti wa Vita vya Maji Maji wa mwaka 1968 na 1969 uliwatuma wanafunzi vijijini kusini mwa nchi kuwahoji wazee walioishuhudia vita hiyo. Walter Rodney kutoka Guyana, aliyefundisha hapo hadi mwaka 1974, alichapisha mwaka 1972 kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na Tanzania Publishing House ilikuwa mmoja wa wachapishaji wake. Rodney hakuwa na cheo chochote kikubwa cha utawala. Hata hivyo, ukimuuliza mhitimu wa miaka hiyo nani aliongoza Mlimani, jina lake hutangulia majina ya waliotia saini vyeti.

Kuhusu miaka iliyofuata yatosha kusema machache. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliondoa utaratibu wa kuingia chuoni moja kwa moja kutoka kidato cha sita, likaweka uzoefu wa kazi na mapendekezo ya chama kuwa masharti. Ibrahim Kaduma, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alichukua nafasi ya Msekwa mwaka 1977. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, na takriban 350 wakafukuzwa. Nicholas Kuhanga, naye aliyetoka uwaziri, aliongoza kuanzia 1980 hadi 1988, miaka ya uhaba wa kila kitu, ambapo wahadhiri wengi walielekea vyuo vya kusini mwa Afrika. Majina yalibadilika, ilhali mlango wa kuingilia ulibaki uleule.

Bagamoyo

Idara ya Sanaa za Maonyesho, iliyoanza mwaka 1967 wakati wa Chagula, haikuwa na nguvu yoyote katika siasa za chuo. Ilikuwa ndogo, na wapo waliodhani kazi yake ni kuburudisha wageni. Lakini ilikuwa na kitu ambacho Sheria, Uhandisi na hata Historia havikuwa nacho: lugha yake ya kazi ilikuwa Kiswahili. Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969, akichota katika historia ileile ya Maji Maji ambayo wanahistoria waliiandika kwa Kiingereza. Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kama Penina Mlama, alifuata na Hatia mwaka 1972. Mwaka 1982 yeye, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya walitoa Harakati za Ukombozi, tamthilia iliyoukagua uhuru wenyewe.

Mwaka 1981 Serikali ilianzisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo baada ya kuvunja vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo vilivyokuwa na makao Dar es Salaam. Mahali palipochaguliwa palikuwa na historia nzito: mwisho wa njia ya misafara, makao ya kwanza ya utawala wa Wajerumani, mji wa misheni na misikiti. Palikuwa pia mahali penye vijana wengi wasio na kazi, kwa kuwa bandari ilikwisha kudorora tangu utawala ulipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Tangu mwaka 1982 chuo hicho kimekuwa na tamasha la kila mwaka.

Katika mazingira hayo Mlama, Lihamba na wenzao walianza kazi iliyoitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Ilianzia Malya, Mwanza, ikafika Bagamoyo mwaka 1983, kisha Msoga mwaka 1985, kijiji kilichokuwa ndani ya Wilaya ya Bagamoyo. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Wasanii kutoka chuo hawakwenda na tamthilia iliyoandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakadodosa matatizo yao, wakayachambua pamoja, kisha wanakijiji wenyewe wakayaigiza kwa ngoma, nyimbo na majigambo wanayoyamiliki, na baada ya onyesho mjadala ukaendelea. Kiongozi wa kijiji aliyezoea kuhutubia alijikuta akisikiliza. Mhadhiri aliyezoea kufundisha naye alijikuta akisikiliza.

Umuhimu wa kazi hiyo kwa historia ya uongozi unaonekana ukiurudia mfano wa Nyerere. Mwaka 1966 msomi alikuwa msafiri aliyepewa chakula na kutumwa. Bagamoyo na Msoga, msafiri alirudi kijijini, na kilichojadiliwa ni njia yenyewe. Huo ndio utumishi ambao dola iliudai kwa miaka ishirini kwa kutumia JKT, Azimio la Musoma na uteuzi wa makada, ila ulitokea katika idara ambayo hakuna kada aliyetumwa kuisimamia. Kuna mipaka ya kukubali. Miradi ilitegemea fedha za muda, na wanasanaa walipoondoka vikundi vya vijiji havikudumu kwa kiwango kilichotarajiwa. Mlama mwenyewe aliyaandika matatizo ya aina hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991 bila kuyapamba.

Mwaka huo wa 1991 una uzito mwingine. Geoffrey Mmari, mwanahisabati na mwalimu wa walimu, alikuwa ameongoza Mlimani tangu 1988, akiwa Makamu Mkuu wa kwanza ambaye njia yake kuu ilikuwa ya taaluma. Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma zilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mwezi uliofuata Serikali ilikifunga chuo kutokana na mgogoro na wanafunzi. Mhandisi Matthew Luhanga aliteuliwa mwaka 1991 kukifufua, na katika safu ya uongozi wa miaka yake Penina Mlama alishika nafasi ya Afisa Mkuu wa Taaluma, kiti kilekile alichokalia Kimambo. Mmari alikwenda kukiasisi Chuo Kikuu Huria, ambacho wanafunzi wake hawakuhitaji kupanda kilima chochote.

Mwaka 1996 Mlama na Lihamba walianzisha mradi wa Tuseme, uliotumia mbinu za Bagamoyo na Msoga katika shule za sekondari, safari hii wasichana wakiigiza na kujadili yale yanayowazuia kusoma. Nacho Chuo cha Sanaa kiligeuzwa mwaka 2007 kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, wakala wa Serikali wenye bodi na mtendaji mkuu anayeteuliwa.